Bafu la Mashuani

Fundi alipotangaza kwamba ataweka bafu ndani ya mashua ya baba yake, shemeji yake alicheka mpaka akaweka randa chini. Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa seremala wa vyombo vya baharini, na karakana yake ilikuwa palepale ufukweni, sakafu imejaa maranda na hewa imejaa harufu ya gundi.

"Bafu?" akasema. "Ndani ya ile? Shemeji yangu, mle hata ukitaka kupiga chafya lazima utoke nje kwanza."

"Ndani ya ileile. Bafu lenye mlango, kiti, bomba la mvua na komeo la ndani. Hasa komeo."

"Na maji machafu yatakwenda wapi? Mtayanywa?"

"Maji hayajawahi kunishinda mimi," Fundi akasema.

Na kweli, hayakuwa yamewahi. Alikuwa fundi bomba tangu usichana wake, na watu walimwita Fundi tu, hata mumewe, hata watoto wake wakitaka kumchokoza. Akiitwa kwenye nyumba iliyoziba, alisimama mlangoni, akanusa, akausikiliza ukuta kidogo, kisha akaenda moja kwa moja mpaka kwenye tatizo lenyewe. Kasoro yake ilikuwa moja. Akishaamini kwamba jambo analijua, masikio yalifunga duka, na hapo ungeweza kumwambia nyumba inaungua akakujibu kwamba atalitazama akimaliza.

Lakini safari hii hakuwa na kiburi tu. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo hakuwahi kuitamka mbele ya mtu.

Baba yake, aliyeishi nao tangu alipofiwa na mke, alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, mdogo wake, ambaye Fundi alimwita Baba Mdogo. Alikaa ng'ambo ya bahari, mwendo wa siku kadhaa kwa tanga. Mashua ile ndogo yenye chumba kimoja chini ya sitaha waliijenga wao wawili walipokuwa vijana, wakagombana kwa kila msumari, na wakaipenda kuliko walivyopenda kusema. Sasa Baba Mdogo alikuwa anapoteza macho. Kila alipopiga simu aliuliza swali lilelile: "Unakuja lini, kaka? Njoo ningali nakuona." Na mzee, ambaye alikuwa ameapa kwamba kwa mdogo wake atakwenda kwa tanga au haendi kabisa, alijibu kwamba anangoja upepo ukae sawa.

Upepo ulikaa sawa. Akasema tanga limechakaa. Fundi akalipeleka likashonwa upya. Akasema mashua inavuja. Shemeji akaiziba na kuipaka rangi. Akasema magoti. Fundi akamwambia magoti hayaendeshi chombo, yeye mwenyewe atakuwa ndiyo magoti, maana si alifundishwa kushika usukani kabla ya kufundishwa kusoma? Ndipo mzee akasema amezeeka, akageukia ukuta, na Fundi akaacha kubishana.

Alijua. Yeye ndiye aliyefua nguo za nyumba ile, na nguo hazijui kuficha siri. Tangu alipofanyiwa operesheni, mkojo ulikuwa haumngojei baba yake. Nyumbani aliweza. Aliingia bafuni, lile ambalo Fundi alilifunga vyuma vya kushikia ukutani, akajifungia, akaoga, akatoka akiwa msafi na kichwa juu, mara tatu au mara tano kwa siku, na hakuna aliyehesabu. Mashuani hapakuwa na kitu ila ndoo na sitaha iliyo wazi kwa dunia nzima. Na wa kumshikia ndoo hiyo, siku baada ya siku, angekuwa binti yake. Mzee yule angekubali kutomwona tena mdogo wake kuliko kuogeshwa na mtoto wake wa kike, na kila wiki iliyopita ilikuwa inamwonyesha Fundi kwamba ndivyo alivyokwisha kuamua.

Kwa hiyo asubuhi moja, chai ikiwa mezani, Fundi alisema, sauti ya kawaida kabisa, "Baba, nataka kuweka bafu kwenye mashua."

Mzee alitazama kikombe chake. "La nani?"

"La abiria."

"Lina mlango?"

"Lina mlango."

"Unafungwa?"

"Kwa ndani."

Mzee alikunywa chai yote, polepole, mpaka akabaki anakunywa kikombe kitupu. Halafu akasema, "Mlingoti wangu usiuguse."

Hiyo ndiyo ruhusa yenyewe. Fundi aliruka moyoni kama mtoto aliyeahidiwa safari, akaosha vyombo ambavyo hata havikuwa zamu yake, na vingine vilikuwa visafi tayari.

Mashua ilipandishwa nchi kavu, ikaegemezwa kwa magogo mbele ya karakana, na kazi ikaanza. Nafasi aliipata mbele ya chumba, nyuma tu ya mlingoti, mahali palipokuwa pakirundikwa matanga ya zamani na kamba ambazo hakuna aliyekumbuka zilifunga nini. Hakupima kwa futi. Alipima kwa mwili wake, akaketi, akainua viwiko, akajifanya anajisugua mgongo, huku shemeji akichungulia kutoka juu na kumuuliza kama amsaidie na sabuni.

"Wewe leta mbao," Fundi akamwambia. "Sabuni tutanunua."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Fundi aliinama mpaka mgongo ukasahau kazi ya kusimama. Alitengeneza sakafu yenye kingo za juu, akaiinamisha kutoka pande zote kuelekea katikati, ambako aliweka tundu la maji. Shemeji akajenga kuta za mbao nyembamba, akapiga rangi nyeupe mara tatu, akaweka kiti cha kukunja na vyuma vya kushikia huku na huku. Kwa maji ya kuoga, Fundi alilaza juu ya paa la chumba bomba nene alilolipaka rangi nyeusi. Jua lingeyapasha maji humo, nayo yangeshuka yenyewe, ya uvuguvugu, bila mashine wala kelele. Kila alipolitazama bomba lile alijisikia vizuri.

Kuyatoa maji nje ndiko kulikokuwa na kazi. Katika nyumba, maji machafu hushuka, yakaenda zake, na hakuna anayeyauliza yamefikia wapi. Ndani ya mashua hayana pa kushukia, kwa sababu sakafu yenyewe iko chini kuliko bahari iliyo nje. Hilo Fundi aliliona mara moja, na lilimfurahisha, maana kazi isiyokuwa na ubishi ilikuwa inamchosha. Chini ya sakafu akaweka sanduku dogo la kukusanyia maji. Kwenye sanduku akafunga pampu ya umeme inayotumia betri ya mashua, na kitufe chake akakiweka ukutani, karibu na kiwiko cha mtu aliyeketi. Anayeoga akibonyeza, pampu inayasukuma maji kupitia mpira mpaka nje, ubavuni. Akiachia, inanyamaza.

Ule mpira aliupinda. Nyumbani, kila bomba la maji machafu lina pindo la kwenda chini, linalobaki na maji kidogo ili harufu isirudi chumbani. Fundi alikuwa ameyapinda mapindo hayo maisha yake yote. Mikono yake ingeyapinda akiwa usingizini. Akaupeleka mpira chini, akaupindua, akauleta pembeni, akaufunga kwa vibanio vinavyometameta. Pembeni pia akaweka koki ya kufunga, chini ya ubao wa sakafu, kama ilivyo desturi ya fundi anayejiheshimu.

Shemeji alichungulia. "Mbona mpira umekaa chini chini hivyo?"

"Ndivyo unavyokaa."

"Mimi naona tu kama..."

"Shemeji. Mimi nimewahi kukufundisha kupiga randa?"

"Hujawahi."

"Basi."

Duka lilikuwa limefungwa, kama mnavyoona, na shemeji akaenda kutafuta msasa.

Likaja suala la kutoboa. Nani asiyeogopa kutoboa mashua? Fundi alichagua upande wa kulia, shubiri moja juu ya mstari ambapo bahari hufika, akaweka alama ya chaki, akashika drili. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake kivulini mwa karakana, amekuja kila siku kutazama kazi bila kusema neno. Drili ilipolia alisimama. Vumbi la mbao lilimwagika, jeupe kisha jekundu, mbao zilezile alizozipasua yeye na mdogo wake, mpaka ncha ikatokea upande wa pili.

"Nimetoboa," Fundi akasema.

"Nimeona," mzee akasema, akaketi tena.

Jaribio la kwanza walilifanya palepale nchi kavu. Fundi aliingia bafuni na nguo zake zote, akafungulia bomba la mvua, na maji yenye joto la jua yakamwagika kichwani mwake, akapiga kelele ya furaha iliyowatoa watu kwenye karakana za jirani. Kisha akabonyeza kitufe. Pampu ilikohoa, ikanguruma, na kutoka ubavuni mwa mashua maji yakaruka kwa kishindo yakamlowesha shemeji kifuani, naye alikuwa amesimama hapo hasa ili asikose kuona.

"Linafanya kazi!" Fundi akapaza sauti kutoka ndani.

"Nimelowa!" shemeji akajibu. "Linafanya kazi sana!"

Mzee aliomba kuingia. Wakamsaidia kupanda ngazi, na hapo chini chumbani akawaondoa mikono. Aliingia bafuni peke yake, akafunga mlango. Wakasikia komeo likifunga. Likafunguka. Likafunga tena. Wakangoja. Likafunguka kwa mara nyingine, likafunga, na shemeji akafungua mdomo kutaka kutania, Fundi akamkanyaga mguu.

Mzee alitoka. "Linashika," akasema.

"Tumpigie Baba Mdogo?" Fundi akauliza, hawezi kujizuia. "Tumwambie tunakuja?"

"Chombo hakisifiwi kikiwa kimeegemezwa magogo. Tutakishusha, tutakwenda nje kidogo, tutarudi. Nikishaoga huko nitakwambia kama kuna safari au hakuna." Akamtazama binti yake kwa muda. "Na nikisema hakuna, mwanangu, usiniletee jingine. Nimechoka kukataa."

Fundi aliitikia, na furaha yake ikapata kidonda kidogo pembeni. Kumbe yote yale, kuta nyeupe na kiti na bomba jeusi, yalikuwa yanakwenda kuhukumiwa mara moja tu.

Walitoka asubuhi yenye upepo mzuri, wao wawili peke yao. Shemeji alibaki gatini akipunga mkono. Alikuwa amejenga vyombo vingi kuliko meno yake, lakini yeye mwenyewe hutapika akiona tu maji yanayotikisika, na hakuona haya kusema hivyo. Mzee alishika usukani. Tanga lilijaa, mashua ikalalia upande wa kulia, ikaanza kukimbia, na Fundi akaona kitu alichokuwa amekisahau. Baba yake aliyeshuka ngazi za nyumba moja moja akishika ukuta, hapa alikuwa ameketi wima, mkono mmoja kwenye usukani, macho juu ya tanga, na uzee ulikuwa haujui umtafutie wapi. Povu lilipita kando yao, na Fundi alitamani kuimba.

Baadaye mzee akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama, "Shika."

Fundi akashika usukani. Hakuuliza. Mzee akashuka chumbani, akishika chuma hadi chuma, akachukua begi lake dogo la nguo, na kutoka pale alipoketi Fundi aliuona mlango mweupe ukifungwa na akalisikia komeo. Hakuna muziki uliowahi kumpendeza kama mlio wa komeo lile. Kisha maji. Kisha, Mungu wangu, mzee akaanza kuimba, wimbo wa kazi wa zamani usio na maana yoyote, wenye kibwagizo cha kukokota kamba.

Pampu ikanguruma, ikanyamaza.

Wimbo ukaendelea kidogo. Pampu ikanguruma tena, ikanyamaza. Ikanguruma tena. Wimbo ukakatika katikati ya kibwagizo.

"Baba?"

Pampu ikanguruma tena.

"Baba, mambo vipi huko?"

"Mambo yanapanda," sauti ya mzee ikasema kutoka ndani. "Nikibonyeza yanashuka. Nikiachia yanarudi. Yamefika kwenye vifundo."

"Acha kufungulia bomba la juu!"

"Nilishalifunga zamani. Haya si maji yako, mwanangu. Nimeyaonja. Haya yana chumvi."

Fundi alitazama ubavu wa kulia, pale alipotoboa kwa kujivunia shubiri moja juu ya bahari. Hakuliona tundu. Mashua ilikuwa imelala, na tundu lilikuwa chini ya maji, na bahari ilikuwa inaingia kwa raha zake kupitia mpira alioupinda kwenda chini, mpaka ndani ya bafu la baba yake. Nyumba hazilali ubavu. Miaka yote ile, katika nyumba zote zile, hakuna nyumba hata moja iliyowahi kulala ubavu, na kwa hiyo hilo halikumjia akilini.

"Baba, kuna koki! Chini ya ubao wa sakafu, karibu na ukuta. Inua ubao uifunge!"

"Nitapiga magoti kwa magoti yapi?"

Kweli. Magoti yale hayakuwa yamepigwa sakafuni kwa muda mrefu, na yangepigwa yasingenyanyuka.

"Basi shikilia kitufe, usiachie!"

"Nikishikilia kitufe, suruali nitavaa kwa mkono gani? Na hii pampu yako imeanza kunuka moto."

Fundi alishika kamba, akaanza kuufunga usukani. "Nakuja. Naufunga usukani, nakuja kuuvunja huo mlango."

"Usije!"

Sauti ile haikuwa ya mzee wa kwenye kiti cha kivulini. Ilimsimamisha Fundi mkono ukiwa hewani.

"Niko uchi, mwanangu," mzee akasema, sasa kwa upole, na ubao mwembamba ule ulimfikishia kila neno. "Ukiingia hapa, sitakukasirikia. Lakini safari itakuwa imekufa, na wewe unajua kwa nini. Tusidanganyane. Unajua tangu zamani."

Fundi alijua. Machozi yalimjia, hasira za kujikasirikia, na mikono yake ilitaka sana kwenda kwenye mlango ule, maana mikono yake haikujua kukaa pembeni maji yanapofurika. Maji yalikuwa yakipanda juu ya miguu ya baba yake. Kitu alichokuwa ameombwa akifanye kilikuwa kutofanya chochote, na hakukuwa na kazi ngumu kama hiyo katika ufundi wote aliousomea. Akaiachia kamba. Akaushika usukani.

"Sawa, Baba. Siji. Nifanye nini?"

Masikio yake yalikuwa wazi, kila mlango na dirisha.

"Tundu lako liko upande gani?"

"Kulia."

"Na tumelalia wapi?"

"Kulia."

"Sasa, mtoto wa nahodha..."

"Tugeuze!" Fundi akapiga kelele. "Tugeuze, upepo utupige kutoka upande wa pili, tulalie kushoto!"

"Ndiyo hivyo. Lakini usikurupuke, nimesimama kwenye bwawa. Mbele kuna nini?"

"Maji matupu."

"Nyuma?"

"Mashua ya wavuvi, mbali."

"Waache wavue. Nimeshika vyuma vyako vyote viwili. Vimekaza vizuri, hongera. Sasa ningoje niisikilize."

Fundi alingoja. Mzee aliyesimama uchi ndani ya boksi jeupe lisilo na dirisha, maji yakikaribia nusu ya miundi ya miguu yake, alikuwa anaisikiliza mashua yake kwa nyayo.

"Hili siyo," akasema mzee, wimbi likipita. "Na hili siyo. Linakuja moja litatuinua, linanijia kwenye visigino... ngoja... ngoja... sasa! Sukuma!"

Fundi akausukuma usukani kwa nguvu zote. Pua ya mashua ikazunguka kuutafuta upepo, tanga likapigapiga kwa mlio wa kutisha, boriti inayolishika kwa chini ikapita juu ya kichwa chake alipoinama, na kwa pumzi moja mashua ikasimama wima haijui ilalie upande gani. Kisha upepo ukalikamata tanga upande wa pili. Mashua ikalala kushoto, taratibu, na kutoka bafuni ukasikika mshindo wa maji yote yakihama pamoja, na sauti ya mzee ikitukana tusi la zamani lililotoka katika matumizi.

"Baba!"

"Nipo. Nimeketi. Kiti kimenipokea. Tundu linaonekana?"

Fundi akainamia nje ya ubavu wa kulia. Lile pale, likimeta juani, juu kabisa ya maji. "Linaonekana! Bonyeza! Bonyeza sasa!"

Pampu ikanguruma. Kutoka ubavuni maji yakaruka, mengi, yenye povu la sabuni, yakapeperushwa na upepo na kumrudia Fundi usoni, naye hakujipangusa. Yaliruka na kuruka. Halafu mlio ukabadilika, ukawa ule wa mtu anayefyonza tone la mwisho kwenye glasi, na maji yakakatika.

"Umeachia?" Fundi akauliza.

"Nimeachia."

"Yanarudi?"

Wimbi likapita, na jingine.

"Hayarudi," mzee akasema. Na baada ya muda akaongeza, "Navaa suruali. Kwa mikono yote miwili."

Fundi alicheka mpaka usukani ukamtoka mkononi, akaukimbilia, akaendelea kucheka huku machozi yakimtoka, peke yake pale nyuma ya mashua. Ndani wimbo ulikuwa umeanza upya, kuanzia palepale kwenye kibwagizo ulipokatikia.

Mzee alitoka na shati safi, nywele zake chache zimechanwa kwa maji. Alipanda ngazi polepole. Mkononi alikuwa na ile suruali aliyokuwa ameivua, ameifua, ameikamua, na mbele ya binti yake, bila kuificha, akaifunga kwenye kamba ya pembeni ikaanza kupepea. Kisha akaketi, akatweta kidogo, akatazama tanga.

"Nilikosea, Baba," Fundi akasema. "Mpira nimeupeleka chini kama wa nyumba. Ulitakiwa kupanda juu kwanza, mpaka karibu na paa, ndipo ushuke nje. Hapo bahari haiwezi kuurukia hata tulale vipi. Kesho asubuhi nitaubadilisha. Na shemeji aliniambia, karibu aniambie, nikamfunga mdomo."

"Utamwomba radhi?"

"Nitamwomba. Atanitesa mwaka mzima."

"Haki yake." Mzee akanyoosha mkono. "Lete usukani. Nenda nawe ukaoge, umejaa chumvi na mapovu yangu."

"Mimi? Nikuache hapa peke yako?"

"Mashua hii nimeiendesha peke yangu tangu kabla mama yako hajanijua. Nenda."

Fundi alishuka. Aliufunga mlango mweupe, akasukuma komeo, akavua nguo zake zilizolowa, akaketi kwenye kiti alichomwekea mtu mwingine. Huko nyumbani, tangu mzee augue, yeye alikuwa anaoga sikio likiwa mlangoni, haraka haraka, akingoja kishindo cha mtu kuanguka. Sasa sikio halikuwa na kazi. Juu yake kulikuwa na mtu anayeongoza chombo, anayejua upepo unatoka wapi, naye alikuwa baba yake. Alifungulia maji, yakashuka yenye joto mpaka mabegani, akafumba macho.

"Wewe!" sauti ya mzee ikaja kutoka juu, nene, ya kupaza upeponi. "Usiyamalize maji! Tujifunze kuyabana kuanzia sasa. Kwa mdogo wangu ni mbali."

Fundi akayafunga maji upesi, mwili wote ukiwa na sabuni, akabaki ameketi pale anacheka kimya kimya, viganja vimeziba mdomo.